Sabuni Eko Wapi?

Butembo, 4 Mei 2025

Eliane mutoto wangu, Mama Jemima,

Jambo yako, na ya bwana yako Lévi, na ya kale katoto Gracien.

Hapana kushituka juu ya barua. Hakuna mutu amekufa. Ni simu ndiyo imenishinda. Ile Jumapili ulipiga, nilimuwekea Jemima simu ku sikio. Alisikia sauti yako, akaanza kukutafuta: nyuma ya simu, nyuma ya pazia, mpaka chini ya kitanda yangu. Alipokosa mutu alilia, alilia, akatapika. Nikamuuliza Malachie, ule kine wa hospitali mwenye anamunyoosha mukono. Akaniambia tangu ile moto, ile pikipiki, imugonge pale Beni mwezi wa pili, kichwa ya mutoto inachoka upesi, na sauti yenye haina mutu inamuchanganya. "Koko, afadhali barua. Umusomee polepole, aone karatasi." Donc niko naandika. Lusenge mwenye Hiace, jirani yangu, atazileta Beni na kurudisha zako. Nilimuahidia mukungu ya ndizi, akakubali mbele nimalize kusema.

Sasa habari. Mutoto anakula. Mukono wa kushoto bado unalala, mais anatembea akishika ukuta. Maneno yake ndiyo yametawanyika, sawa mahindi yenye kuku amepitia. Chakula anaita kiatu. Usingizi anaita mvua. Asubuhi anaamuka ananiambia, "Koko, kiatu," na mimi koko, mama ya mama yake, bila akili ninamuletea kandambili. Ananiangalia sawa vile ni mimi nilipigwa kichwa. Tulicheka, Eliane. Usikasirike, tulicheka sisi wawili.

Tangu ulituacha hapa na kurudi ku kazi yako mwezi wa ine, hujakuja hata mara moja. Beni haiko Ulaya. Utakuja siku gani?

Ni mimi mama yako,
Kahongya

*

Beni, komini ya Beu, 11 Mei 2025

Mama,

Barua nimeipata, na viazi pia. Lusenge amekula njiani ndizi alizopewa, maganda nimeyaona mwenyewe mbele ya gari.

Bon, nianze na la muhimu. Mimi ni mwalimu, Mama. Miaka yote hii nafundisha darasa la pili, na najua kwamba mtoto akiachwa na kosa, kosa linaota mizizi. Usimcheke, na usimpe chakula akisema kiatu. Mwoneshe sahani, sema "chakula," ngoja naye aseme "chakula," ndipo umpe. Kila neno hivyo hivyo. Jemima alikuwa wa kwanza darasani kwake. Kifaransa alikuwa anakisoma kuliko watoto wa mkurugenzi, na mkurugenzi alikuwa anaona haya. Siwezi kukubali mtoto huyo arudi hapa akiita ugali kiatu mbele ya wenzake.

Kuja, nitakuja. Lakini sasa mitihani inakaribia, Gracien anakohoa, Lévi yuko kwenye kakao toka asubuhi hadi jioni, na barabara unaijua.

Kuna jambo linaniuma, nikuambie. Sokoni wameanza kuniita Mama Gracien. Wanadhani wananihurumia. Jina la Jemima wanalikwepa kama la mtu aliyezikwa. Na wewe kwenye barua unaniita Mama Jemima. Yote mawili yananichoma, sijui kwa nini. Niite Eliane tu.

Hii msomee yeye:

Jemima, ni maman. Sema "chakula." Sema "usingizi." Nyoosha mkono kama Malachie anavyokuambia. Gracien anakusalimia.

Binti yako,
Eliane

*

Butembo, 25 Mei 2025

Eliane (umeona, nimetii),

Nilifanya sawa ulisema. Nilishika sahani mu mukono, nikasema "chakula." Akasema "kiatu." Nikasema "chakula." Akasema "kiatu," machozi ikaanza. Akajaribu tena. Ninaona mudomo yake inatafuta, inatafuta, na neno linamukimbia. Bugali ikapoa. Kiisha akafunga mudomo. Hakusema tena kitu, hata kiatu, hata koko, mpaka juma ikaisha. Alikuwa anakula akigeukia ukuta. Ile Jumamosi mimi nikachoka na masomo yako. Nikatia bugali na sombe mu sahani, nikaita kwa nguvu mpaka bajirani bakasikia, "Jemima! Kuja tukule kiatu!" Alitoka mu chumba anakokota muguu, anacheka na meno yote.

Basi hapa kwangu ni lugha yake tunasema. Hata Agar. Agar hujamujua: ni mama mumoja alikimbia vita kule Kayna, nimemupatia chumba ya nyuma. Alipofika alikuwa na wimbo mumoja tu, toka asubuhi: Kayna iko mbali, njia ya Kayna ni mubaya, nani atanifikisha Kayna. Leo yeye pia ananiambia, "Kahongya, nimepata mvua muzuri," maana amelala. Malachie anaitwa Jumatatu, hata akija siku ya ine, na anaitika. Wewe ungejifunza kwa juma moja, una akili. Kuna neno lingine, la mambo ya nyuma ya nyumba, ile sitaliandika. Mutu mukubwa hapana kuandika vile mu barua.

Ni moja tu imetushinda. Sabuni. Jioni anakaa ku mulango, anaangalia barabara, anauliza, "Koko, Sabuni eko wapi?" Ninamuletea kipande ya sabuni. Anaitupa. Nikaleta ya unga, nikaleta ile ya kunukia nilikuwa nalinda mu sanduku, yote akatupa mu majani, na anakasirika mpaka anapiga kichwa ku ukuta na tunamushika. Kesho yake tena: "Koko, Sabuni atakuja?" Malachie hajui. Agar hajui. Wewe ulikaa naye hospitali, hii sabuni ni kitu gani?

Barua yako nilimusomea. Ile "sema chakula" niliruka, Mungu anisamehe.

Mama yako,
Kahongya

*

Beni, 2 Juni 2025

Mama,

Umeruka. Vizuri sana. Umeifanya nyumba nzima iseme makosa ya mtoto mgonjwa, mpaka mkimbizi wa watu naye amefundishwa kwamba kulala ni mvua. Siku Jemima akiomba kiatu sokoni na watu wakamcheka, wewe utakuwapo?

Sabuni naijua. Naijua kuliko ninavyotaka. Pale hospitalini nilikaa kando ya kitanda chake siku zote alizolala bila kufungua macho. Sikubadilisha hata kitambaa cha kichwa. Na alipoyafungua, neno la kwanza alilonipa ni hilo. Aliniangalia usoni akasema, "Sabuni." Nilikimbia kuleta beseni, nikamuosha. Akasema tena, nikamuosha tena. Asubuhi, mchana, jioni, mpaka ngozi yake ikakauka, na kila nilipomgusa na maji alipiga kelele wodi nzima ikageuka. Muuguzi mmoja aliniuliza kama nampiga. Kwa wengine wote alitulia. Kwako alitulia, Mama! Ulimpa uji mara moja tu, akakuita Koko. Mimi niliyemzaa nilikuwa mtu wa kuosha.

Kwa hiyo usiniulize tena nitakuja lini. Naogopa. Naogopa kuingia mlangoni kwako, aniangalie, aniombe sabuni kama mtu anavyomwomba mfanyakazi, halafu apige kelele nikimsogelea. Mitihani ni kweli, kikohozi cha Gracien ni kweli, lakini hata bila hayo nisingekuja.

Lévi anataka tumrudishe nyumbani Septemba. Amekwisha kununua mbao za kitanda. Mimi nimemwambia abaki kwako moja kwa moja. Wewe anakupenda, na wewe unamwelewa. Nadhani ni afadhali kwa wote. Nijibu kama unakubali.

Na angalau hili mfundishe, ni jambo dogo kabisa: tunasema "Sabuni iko wapi," si "eko wapi." Eko ni ya mtu. Sabuni ni kitu. Wala si "atakuja," ni "itakuja." Hata Gracien na miaka yake minne hakosei hapo.

Eliane

*

Butembo, 15 Juni 2025

Eliane,

Barua yako niliisoma mu jikoni, peke yangu. Nililia kidogo, kiisha nikakasirika, sasa ninakujibu.

Kitanda hujakilalia, hujui kunguni yake. Bazee walisema vile na hawakukosea. Mimi sikulala kile kitanda cha hospitali, ni wewe ulilala. Donc sitakuambia eti ni kitu kidogo. Mutoto wa tumbo yako kukupigia kelele, hiyo ni uchungu, haina dawa ku pharmacie. Mais kuniachia mutoto moja kwa moja, hapana. Mimi ni muzee, Eliane. Leo ninamushika, na kesho ni nani? Septemba atarudi kwa mama yake, hata kama mama yake anaogopa. Nimemaliza.

Ile "iko" yako nilijaribu, juu usiseme nakukatalia kila kitu. Nikamuambia, "Jemima, tunasema Sabuni iko wapi." Akasema, "Eko." Nikasema, "Iko." Akanishika mashavu na ule mukono wake muzima, akasema polepole, "Koko. E-ko." Sawa vile anafundisha muzee mwenye hajasoma. Nimeacha, nitakufa na ujinga yangu.

Na wewe, hizi karatasi unalindaka wapi? Mu sanduku moja na sabuni? Juu kila Lusenge akileta barua yako, Jemima ananinyang'anya, anaitia ku uso, anavuta harufu, "Sabuni! Sabuni!" mpaka karatasi inapasuka. Mimi nanusa, sisikie kitu. Labda ni pua ya uzee.

Mbele nisahau, habari kubwa! Jana Jemima amekwenda Kayna peke yake! Bila mukono ya mutu, bila fimbo. Mimi nilikataa, nikasema iko mbali, njia ni matope, ataanguka na hakuna mutu wa kumuinua. Agar ndiye alisema, "Muache, Kahongya, mutoto amekua, aende." Akavaa ile kabuti yake nyekundu, akatoka. Tulisimama kumupungia mukono mpaka akapita migomba, hatumuone tena. Tulilia sawa bajinga, mimi na Agar. Lusenge anapiga honi, naacha hapa.

Kahongya

*

Beni, 17 Juni, asubuhi

Lévi,

Barua ya Mama iko mezani, soma mwisho wake. Amemwacha Jemima aende Kayna. Peke yake! Mtoto wa miaka minane, mkono mmoja, hawezi hata kuomba chakula kwa jina lake, na Mama na huyo Agar wake wamesimama kumpungia mkono! Kayna, Lévi, ambako watu wanatoka mbio na vyombo kichwani. Nampigia Mama, simu haipatikani. Hiace ya Lusenge haijajaa, siwezi kungoja. Nachukua pikipiki. Ndiyo, moto. Niliapa sitapanda tena na ninapanda.

Gracien yuko kwa Orpa, jirani. Shuleni waambie chochote unachotaka, mitihani waisimamie wao. Ukimpata Mama kabla yangu, muulize mtoto alipanda gari gani na amevaa nini miguuni.

Eliane

*

Butembo, 18 Juni 2025

Lévi,

Jana kwenye simu nilikuambia "mzima" nikakata, maana Jemima alikuwa ameanza kukutafuta nyuma ya simu. Mengine nakuandikia.

Nilifika nimejaa vumbi mpaka kwenye meno. Mama alikuwa amekaa uani anachambua maharage, ametulia kabisa. Sikusalimu. Nikapiga kelele, "Jemima yuko wapi?" Akajibu bila kuinua kichwa, "Eko Kayna."

Nilikaa chini pale pale uani, Lévi. Nilimwambia mama yangu mzazi maneno ambayo sitayaandika. Naye ananishangaa tu: "Kwani wewe hauendaka? Beni hakuna?" Agar ndiye aliyeelewa kwanza. Akajishika tumbo, akacheka mpaka akaegemea ukuta, akaninyooshea kidole nyuma ya migomba, mwisho wa uwanja, kwenye kile kibanda chenye mlango wa bati.

Choo. Kayna ni choo. Jemima alikuwa anamsikia Agar kila siku akisema Kayna iko mbali na njia ya Kayna ni mbaya, na kwa mguu ule, hakuna safari ndefu aijuayo kuliko ya kwenda choo cha Mama. Basi akaipa jina hilo. Mama aliona aibu kuniandikia habari za choo, akaandika Kayna, akasahau kwamba mimi lugha yao siijui. Na simu yake ilikuwa kwa mtu wa kuchaji. Agar anasema tangu akimbie kwao hakuwahi kucheka hivyo. Mimi nilikuwa bado chini, nacheka na kulia pamoja.

Mlango wa bati ukalia. Akatoka na kabuti lake jekundu, vifungo vimekwenda upande. Akaniona. Nakuambia ukweli, nilitaka kujificha nyuma ya Agar. Akasimama pale kwenye migomba, akasema, "Sabuni."

Lévi, miguu yangu yenyewe iligeuka kwenda kutafuta beseni. Naye akapiga zile kelele za hospitalini, zile zile: "Hapana! Hapana!" Akaja mbio, kama ile unaweza kuiita mbio, akaniangukia kifuani, akanikaba shingo kwa mkono wake mmoja, akamgeukia Mama na uso umejaa furaha: "Koko! Sabuni amekuja! Sabuni amekuja!"

Mama aliachia ungo. Maharage yote chini. Akasema polepole, kama mtu anayesoma ubaoni, "Eko... Eko ya mutu."

Na mimi ndiye mwalimu! Mimi ndiye niliyeandika kwamba afundishwe kusema "iko"! Mtoto alikuwa anasema sawasawa tangu siku ya kwanza. Alifungua macho, akaniona, akaniita. Nikamletea beseni. Akaniita tena, nikammwagia maji usoni. Mtoto anaita mama yake na mama haitiki, anamsugua tu mgongo, wewe usingepiga kelele? Kila jioni pale mlangoni alikuwa ananiuliza mimi. Barua alizokuwa anazinusa zilikuwa na harufu yangu. Nimelia mpaka macho hayafunguki vizuri, na Mama amelia, na jana hakuna aliyepika.

Malachie amekuja leo. Nikamuuliza, kwa nini sabuni? Akasema tusitafute sababu. Kichwa kilipoanguka maneno yalimwagika, akaokota lililokuwa karibu. Nimekubali, ingawa bado natafuta.

Sasa sikiliza. Usidhani amepona. Leo asubuhi amempiga Agar na mwiko kwa sababu redio ilikuwa juu. Akichoka anageuka mtu mwingine, analia bila sababu, mchana lazima alale. Darasa la tatu hataliona mwaka huu, labda hata mwaka ujao. Nilikuwa nimekwisha kumvalisha koti la daktari kichwani mwangu, unajua wewe mwenyewe, na kulivua kunaniuma sana. Lakini Septemba anarudi kwetu. Yale niliyokuambia, kwamba abaki huku, yasahau. Maliza kitanda, kiwe cha chini. Palilia njia ya choo na uweke kamba ya kushika. Mfundishe Gracien: chakula ni kiatu, usingizi ni mvua, na Kayna sasa unaijua.

Wewe pia una jina. Nilimwonyesha picha yako akafurahi sana. Wewe ni Sufuria. Usiniulize, hata mimi nimeambiwa nisitafute sababu.

Eliane

*

Beni, komini ya Beu, 21 Septemba 2025

Mama,

Tumepata kabichi na lile kabuti ulilolishona upya. Huku kwetu ni joto, lakini hataki kulivua, anakwenda nalo Kayna.

Gracien alijifunza lugha kabla hatujamaliza kufungua mizigo, na sasa anawafundisha watoto wa Orpa. Jana Orpa alinijia amekasirika: mtoto wake amekataa kulala, eti hakuna mvua. Lévi anaitika akiitwa Sufuria, hata mbele ya wanunuzi wa kakao. Sokoni ndiko kuna kazi. Jemima akinipotea kidogo tu kwenye watu, anaita kwa sauti yake yote, "Sabuni!" na wauzaji wa sabuni wote wanageuka na kumwinulia vipande. Nami napiga kelele kutoka upande wa samaki, "Niko hapa!" Mwanzoni watu walicheka, sikufichi, nilitaka ardhi ipasuke. Mwanamke mmoja aliniambia ni pepo, nimpeleke kwenye maombi. Nilimwambia aombee ulimi wake. Lakini wale waliokuwa wananiita Mama Gracien wameacha wenyewe.

Shule yake ya zamani ilisema haina nafasi. Nimemchukua darasani kwangu, anakaa mbele, anachora, akichoka analala kwenye mkeka nyuma ya ubao. Wazazi wawili wamelalamika kwa mkurugenzi. Sijui ataniruhusu mpaka lini, na nikiwaza sana nakosa usingizi. Mwenzake Malachie anatuona hapa kila juma. Kidole gumba cha kushoto kimeanza kusogea.

Sasa nikuambie ya jana. Nilikuwa nafua uani. Jemima akaja nyuma yangu, akasema wazi kabisa, bila kutafuta, bila kukwama, "Mama."

Mikono yangu ilisimama ndani ya maji. Neno hilo nimelingoja tangu mwezi wa pili, unajua. Nikageuka polepole nisimtishe. "Mama," akasema tena, na akanyoosha kidole. Hakuninyooshea mimi. Alikuwa anaonyesha kipande cha kufulia kilichokuwa ndani ya beseni. Alitaka kumuosha Gracien miguu.

Halafu nikakitoa, nikakifuta povu, nikamwekea mkononi, ule wa kushoto, kwa ajili ya kidole gumba.

"Mama iko hapa," nikamwambia. "Usiimalize."

Akaenda nayo. Lusenge anapiga honi, wacha nifunge.

Binti yako,
Sabuni